Dada Meneja na Mkutano wa Ngazini

Mama Mkaa ndiye aliyeanza kusema kwamba dada wa juu amechanganyikiwa. Alikuwa ananipimia mkaa kwenye kopo, sauti ameishusha kama mtu anayeleta habari za msiba. Alisema ameona kwa macho yake, siku alipompandishia gunia mpangaji wa ghorofani. Mlango wa dada ulikuwa wazi. Ukuta wa sebule ulikuwa umebandikwa vikaratasi vya rangi toka juu hadi chini, vya njano, vya kijani, vya waridi, na dada mwenyewe amesimama mbele yake na kitabu mkononi, anauambia ukuta, "Nawashukuru kwa kuja. Nani ana maoni tofauti?" Halafu akanyamaza, akasubiri.

"Ukuta ukasemaje?" nikamuuliza.

"Wewe cheka tu, mwanangu. Mtu akisimama kuusubiri ukuta umjibu, ujue umeshawahi kumjibu."

Kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika bombani, na ilipofika huko ilikuwa imeshaota mbawa na mkia. Wengine walisema mumewe, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu, amekimbia hivyo vikaratasi na si kwamba yuko safarini. Wengine wakasema kila kikaratasi kina jina la mtu wa ofisini ambaye dada anataka kumfunga ulimi. Lisemwalo lipo, wakamalizia, wakajitwika ndoo zao.

Hilo la kufunga ulimi lilinichekesha peke yangu njiani. Ukweli ulikuwa kinyume chake. Dada alikuwa anahangaika usiku na mchana watu wa ofisini kwake wafungue ulimi, na wao hawafungui.

Nilijua kwa sababu binti yake alikuwa anashinda kwangu akitoka shule, mpaka mama yake arudi. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga, sitoki, na binti yule ni mpole, anacheza na mwanangu kwa hiari yake huku mimi nafua. Dada akija kumchukua alikuwa anakaa kidogo kwenye kigoda changu, viatu amevua, na hapo ndipo nilipojifunza kazi yake kipande kwa kipande.

Mara ya kwanza aliniambia yeye ni meneja wa bidhaa. Nikadhani ana duka. Akasema hapana, hauzi. Nikamuuliza kama anatengeneza. Akasema hatengenezi. Basi anawasimamia wanaotengeneza? Hapo alicheka, lakini macho hayakucheka, akasema hata hao hawako chini yake, kila mmoja ana bosi wake. Yeye kazi yake ni kuangalia kitu kinachotengenezwa kiwe kile watu wanachokihitaji, na kiishe kwa wakati. Hawezi kumwamuru mtu. Anaweza kuomba tu, na kueleza, na kuomba tena.

"Ni kama mama wa kambo," akasema. "Mtoto akiharibika, mama wa kambo hakumlea vizuri. Akifaulu, ana akili za ukoo wa baba yake."

Mtoto wake huyo wa kambo alikuwa mita. Ni kidude cha ukubwa wa tofali dogo, kinafungwa juu ya mtungi wa gesi. Mtu asiye na uwezo wa kujaza mtungi mzima kwa mkupuo anapewa mtungi uliojaa, kisha ananunua gesi kidogo kidogo kwa simu, kama tunavyonunua muda wa maongezi. Ukinunua, mita inafungua. Salio likiisha, inafunga. Wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Mama yake alipikia kuni maisha yake yote, na sasa anakohoa mpaka anashika ukuta. Dada hakupenda kulisema hilo ofisini, alisema watamwona anataka huruma. Kwangu alilisema mara moja, akiwa anamfunga binti yake kamba za viatu, uso ameuinamisha.

Mita zilikuwa zimefungwa kwenye nyumba za majaribio upande wa pili wa mji. Mwenye kampuni, ambaye wote wanamwita Mkurugenzi, alikuwa ameshasema neno lake. Wageni wenye mitaji walikuwa wanakuja kuitazama. Wakiikuta tayari, kazi itaendelea na dada ataendelea nayo. Wakiikuta haijawa tayari, mita itakabidhiwa kwa meneja wa mauzo, na dada atatafutiwa shughuli nyingine "inayolingana na uwezo wake". Maneno hayo aliyarudia kwangu mara nyingi, na kila mara alitafuna lile neno uwezo kama mtu aliyekuta jiwe kwenye wali. Huyo meneja wa mauzo, alisema, ni mtu anayeweza kumuuzia kipofu kioo. Mita ikiingia mikononi mwake itakwenda kwa mahoteli yenye fedha, na mama anayepikia kuni asahaulike.

Ndiyo sababu ya vitabu.

Cha kwanza aliazimwa na rafiki yake. Kilikuwa kinafundisha namna ya kuongoza watu wasio chini yako, na alikisoma kama mgonjwa anavyosoma karatasi ya dawa. Kikafuata cha pili na cha tatu, vyote vya Kiingereza, vina picha za ngazi na milima na mishale kwenye majalada. Mimi niliishia darasa la saba, Kiingereza changu ni cha kuulizia choo, lakini yaliyomo niliyajua, kwa sababu kila kitabu dada alikijaribu kwetu kwanza kabla hajakipeleka kazini.

Kulikuwa na kimoja kilichomfundisha kwamba tatizo likitokea uulize kwa nini, ukijibiwa uulize tena kwa nini, mpaka ufike kwenye mzizi. Kitabu hakikujua kwamba huku kwetu ukimuuliza mtu mzima kwa nini mara mbili umemwita mwongo, na mara ya tatu umemtafuta ugomvi. Alianza na fundi bomba aliyechelewa. Kwa nini umechelewa? Baiskeli ilipata pancha. Kwa nini ilipata pancha? Kulikuwa na msumari. Kwa nini hukuuona? Fundi alikusanya spana zake taratibu, akasema mama, mimi si mshitakiwa, akaondoka. Tulikaa bila maji mpaka alipokwenda kubembelezwa.

Kingine kilimfundisha kusikiliza. Ili mtu aone kwamba unamsikiliza, urudie maneno yake ya mwisho. Mimi sikuambiwa. Nilimwambia mtoto wangu hajalala leo. "Hajalala leo," akasema. Nikasema ndiyo, nadhani meno yanatoka. "Meno yanatoka," akasema, ananitazama machoni. Siku ya kwanza nilidhani masikio yana shida, nikaanza kuongea kwa sauti. Siku ya pili binti yake alininong'oneza, "Mama mdogo, ni kitabu." Sikumwonyesha dada kwamba nimekereka, lakini nilikereka. Mtu anataka kuambiwa pole, yeye anarudishiwa maneno yake kama chenji.

Kulikuwa pia na cha kusifu. Usimkosoe mtu kabla hujamsifu, na ukishamkosoa umsifu tena. Ofisini walikielewa haraka kuliko mwandishi alivyotaka. Dada akimwambia mtu kazi yako ya jana ilikuwa nzuri, mtu anaacha kula, anasubiri kisu. Hata binti yake alifika mahali akiambiwa umependeza, anauliza, "Nimefanya nini?"

Sitaki mtu adhani nilimcheka. Nilikuwa namwona anavyorudi. Anakaa kwenye kigoda, anatoa kitabu kwenye mkoba, anakisoma huku anaongea na mimi, kidole kwenye mstari, na usoni ana ule uchovu wa mtu anayesukuma mlango unaofunguka kwa kuvutwa. Alisema kila anachokipendekeza mkutanoni kinajibiwa sawa. Tarehe hii inawezekana? Sawa. Kuna mwenye shaka? Kimya, halafu sawa. Wakitoka, kinachofanyika ni kingine. Hiyo sawa, alisema, imekuwa kama blanketi, wanaitandika juu ya kila kitu na huoni kilicholala chini.

Hasa ilimwumiza kwa fundi mkuu wa programu. Ni mtu mzima, amemzidi dada kwa miaka mingi, kila mtu pale anamwita Mzee. Ndiye anayeandika yale maagizo yaliyo ndani ya mita, ya kuiambia lini ifungue na lini ifunge. Mzee hakuwa mkorofi. Alikuwa anamwamkia vizuri, anamuuliza habari za mtoto, anamwachia kiti. Mkutanoni anatazama meza.

Basi ndipo kikaja kitabu kilichosababisha ile hotuba ya ukutani aliyoiona Mama Mkaa. Hicho kilisema kiongozi hodari hukaribisha upinzani. Dada alifanya mazoezi siku nzima ya mapumziko, vile vikaratasi vikiwa ndio watu wake. Kesho yake aliingia chumba cha mikutano, Mkurugenzi naye yupo, akafunga mlango, akawaambia, "Leo nataka mnipinge."

Wakajibu, "Sawa."

Aliponisimulia nilicheka mpaka mtoto akaacha kunyonya. Yeye hakucheka. Alinitazama, akasema, "Na wewe umewahi kunipinga lini?" Nilisema chai itapoa.

Wiki ile ile binti yake alianguka shuleni wakati wa mchezo, akapasuka mdomo. Haikuwa kubwa, lakini damu ya mdomo ni nyingi na mtoto alikuwa anamtaka mama yake. Mwalimu alimpigia dada, simu imezimwa, akamleta kwangu. Nilipiga mimi, imezimwa. Kulikuwa na kitabu, bila shaka, kilichosema simu zizimwe mkutanoni. Nikamfunga wangu mgongoni, nikamshika binti mkono na kitambaa chake mdomoni, tukaenda huko ofisini.

Ni jengo la ghorofa, chini kuna duka la rangi za nyumba, kwa hiyo ngazi zote zinanukia rangi. Tulifika dada ndiyo kwanza anatoka kwenye lifti, mkoba begani, anakimbilia kuja kumchukua huyo huyo mtoto kwangu. Alipomwona alipiga magoti pale pale sakafuni. Alimfungua mdomo, akautazama, akaupuliza, akamwambia jino lipo, limekaa imara kama la simba. Mtoto akatulia. Mimi pia nikatulia. Kwenye hilo hakuhitaji kitabu.

Halafu akajigusa mkoba, akagundua ameacha miwani yake mezani kule juu. Lifti ilikuwa imeshaondoka na ile lifti ikiondoka hujui inarudi lini. Tukapanda ngazi, yeye mbele na mtoto, mimi nyuma na wangu mgongoni. Tulipokaribia ghorofa yao tukasikia vicheko kwenye kona ya juu. Dada akasimama. Nami nikasimama.

Sauti ya kijana mmoja iliuliza, "Leo alikuwa sura ya ngapi?"

"Ile ile ya kupingwa. Ana wiki nzima hajaitoka."

"Na sisi tukampinga kwa sawa."

Wakacheka tena. Dada alikuwa ameshika ukingo wa ngazi. Nikamvuta nguo, nikamwonyesha chini, twende. Akatikisa kichwa.

Ndipo ikaja sauti ya mwanamke. Baadaye nilimwona, amevaa ovaroli, ndiye fundi anayezunguka kwenye zile nyumba za majaribio kufunga mita. Huyu hakuwa anacheka. Alisema nyie chekeni, lakini jana amemkuta mama mmoja analia. Alikuwa amebandika chungu, mita ikakata gesi katikati ya mapishi, haina mlio wala taa. Mama akadhani ni jiko, akaiacha koki ikiwa wazi, akatoka kwenda dukani. Huko huko dukani akaongeza salio kwa simu. Mita ikatii, ikafungua. Gesi ikaanza kutoka nyumbani, moto haupo, na watoto wako ndani.

"Aliyewaokoa ni jirani aliyesikia harufu," akasema. "Mzee, mimi sifungi mita nyingine mpaka hilo liondoke."

Ikajibu sauti nzito, ya taratibu, nikajua huyo ndiye Mzee. Alisema tatizo analijua. Mita inatakiwa kwanza ihakikishe koki imefungwa ndipo ifungue gesi, na kabla ya kukata ipige mlio. Lakini kuandika upya kunataka muda, na tarehe ya wageni dada ameshaipanga.

"Si umwambie?"

"Nimwambie wapi?" akasema Mzee. "Pale mbele ya Mkurugenzi? Nimvue nguo mtoto wa watu mbele ya mkubwa wake? Mambo kama haya mtu humwambia mwenzake wakishatoka. Namsubiri hapa kila siku. Mkutano ukiisha tu anakimbilia lifti."

Nilimtazama dada. Sijui nilitegemea nini. Mgongoni mwangu mtoto akapiga chafya, moja, kisha nyingine kubwa, na vichwa vinne vikachungulia toka juu.

Mzee ndiye aliyejikaza, akasema, "Karibu, meneja." Kama vile tumekuja kwake kusalimia.

Dada akapanda zile ngazi zilizobaki. Na hapo alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani ningemshika mkono. Alifungua mkoba akatoa kitabu. Hakufanya makusudi, nadhani ni mazoea, kama mimi mtoto akilia mkono unavyokwenda kifuani wenyewe. Akaanza kufunua kurasa, bila miwani, amekisogeza mbali na macho, anatafuta.

Yule fundi wa ovaroli akamwambia, bila ukali, "Tafuta tu, dada. Tutasubiri."

Kitabu kikafungwa. Dada akakirudisha mkobani. Alisema wamekuwa wakimdanganya miezi yote hii, wanamwitikia usoni na kumcheka mgongoni.

"Hatujakudanganya," akasema Mzee. "Tumekuheshimu."

"Heshima yenu ilitaka kuunguza watoto wa mtu."

Mzee akaikubali hiyo kwa kichwa. Akasema, "Na haraka yako je?"

Binti akauliza kwa mdomo wake uliovimba kama tunakwenda nyumbani au hatuendi, na ndipo dada akamgeukia Mzee akamuuliza, safari hii bila kurudia maneno ya mtu, anahitaji muda gani. Mzee akamwambia. Ulikuwa muda mrefu kuliko ule waliokuwa nao, mara mbili na zaidi. Dada akamwomba apande naye kwa Mkurugenzi, sasa hivi, wakamweleze. Mzee akajikuna shingo, akasema atakwenda, ila yeye atasimama mlangoni.

Mimi nilibaki ngazini na watoto wawili na harufu ya rangi. Yaliyosemwa kule ndani nilisimuliwa jioni. Dada alimweleza Mkurugenzi lile la gesi kufunguka yenyewe, akamwambia tarehe haiwezekani na mita zote zizimwe zisitumike kwanza. Mkurugenzi alimwacha amalize, kisha akamuuliza swali moja, kwa nini mambo haya yanajulikana ngazini na hayajulikani mkutanoni, na meneja wa mita ni yeye au ngazi. Mzee, toka mlangoni, akasema, "Mkubwa, na sisi tumo." Hakuongeza. Ziara ya wageni ikaahirishwa. Dada na wenzake wakaongezewa muda, lakini pungufu ya ule alioutaja Mzee, na toka siku hiyo meneja wa mauzo anakaa kwenye kila mkutano wa dada, amekunja mguu, anaangalia. Likitokea tena jambo lililojulikana ngazini na dada hakulijua, mita ataichukua huyo wa mauzo. Hilo aliambiwa wazi.

Ningependa kusema baada ya hapo mambo yalinyooka. Kila nikimsimulia mtu anasubiri nifike hapo. Hayakunyooka.

Dada aliacha kukimbilia lifti. Mkutano ukiisha, anakwenda na yeye kusimama ngazini. Siku ya kwanza walimpisha, wakaongea habari za mpira. Siku ya pili wakaongea habari za mvua. Siku ya tatu alikuta ngazi tupu, akashuka mpaka chini, akawaona kwa dirisha la duka la rangi wamesimama kwenye maegesho ya magari, juani, wanaongea kwa mikono. Mkutano ulikuwa umehama.

Alipofika kwangu alikitupa kiatu kimoja kikagonga ndoo. Sijapata kumwona hivyo. Alisema amechoka. Alisema ukikaa ndani unaambiwa sawa, ukitoka nje unaambiwa mvua, sasa mtu akae wapi, juu ya bati? Akasema hata alipokwenda kumwomba radhi huyo mama wa kile chungu, mama wa watu alimwambia hamna shida, mita yenu ni nzuri sana. Nzuri sana, na nusura imchukulie watoto.

Nilimpa maji. Mtoto wangu alikuwa anatambaa, akakifuata kile kiatu, akakiweka mdomoni. Nikamuuliza tu, huko ngazini alikuwa anasimama vipi.

"Nasimama tu, kama wao."

"Mikono mitupu?"

Akafunika uso kwa viganja vyote viwili, na kutoka humo ndani akasema alikwenda na kijitabu na kalamu. Kuna kitabu kilichosema usiache maoni ya mtu yapotee, uandike hapo hapo.

Hapo tulicheka wote wawili, yeye kwanza. Hakikuwa kicheko cha raha sana. Kutoka nje nilisikia Mama Mkaa anakohoa kikohozi chake cha kutusikiliza, na nikajua bombani kesho wataambiwa sasa ugonjwa umeniambukiza na mimi.

Siku ya mapumziko iliyofuata dada alishuka amebeba boksi. Lilikuwa zito, amelikumbatia mpaka kidevuni, na binti nyuma yake ameshika kile kitabu chenye mlima. Kwangu ni chumba kimoja na pazia. Kuna kitanda, kabati, mitungi ya maji, na mtoto aliyefika umri wa kurarua kila anachokishika. Niliangalia lile boksi, nikaangalia kabati langu, na moyoni nilikuwa nimeshachoka kabla hajaongea. Nilijua nikifungua mdomo nitasema sawa, kama wale wa ofisini kwake.

Akaliweka chini, akakaa kwenye kigoda. Alisema si kwamba vitabu ni vibaya. Humo ndani kuna watu wenye akili kuliko yeye, na mengine wameyasema kweli. Tatizo, alisema, akiwa na kitabu mkononi anamwona mwandishi, hamwoni aliye mbele yake. Lakini akivitupa atanunua vingine, anajijua. Mzee ameshaanza kuiandika mita upya, muda ni mfupi, na ile meza ina meneja wa mauzo upande wa pili amekunja mguu. Akikosea tena kusikia, imekwisha.

"Nivitunzie juu ya kabati," akasema. "Na nikija kukuomba kimoja, mdogo wangu, usinipe hivi hivi. Niulize kwanza nani amenipinga leo, na mimi nikamjibu nini. Nikikuambia hakuna aliyenipinga, usinipe kitabu. Nirudishe nikakae nao juani kwenye maegesho, mikono mitupu. Nikikukasirikia, nikikwambia hunijui, nikikwambia wewe ni mdogo, usiniitikie sawa. Ninakuomba hilo tu."